Kivuli cha Lwanda Magere sokoni Sondu

Kichezeo cha kwanza nilichonunua nikiwa mtu mzima hakikuwa na mkono wa kushoto. Nilikipata Sondu siku ya soko, chini ya rundo lililomwagwa juu ya turubai la samawati, kimefunikwa na vikombe vya plastiki, simu za watoto zisizo na betri na dubu mmoja aliyepasuka tumbo. Urefu wake ulikuwa inchi tano na nusu hivi, kifua kama cha mpiga ngumi, nywele za manjano zilizokatwa sawasawa juu ya nyusi, na kikaptula cha manyoya kilichofinyangwa kwa plastiki. Nilikitambua kabla sijakiinua. Nilipokigeuza, mgongoni palikuwa na herufi ndogo zilizoinuka: Mattel, 1981.

“Ni ya mtoto?” mama mwenye mali akaniuliza.

“Ni yangu, mama.”

Akanitazama, akakitazama, akasema shilingi 50. Nikalipa bila kuteta bei, jambo ambalo sokoni Sondu humtia muuzaji wasiwasi. Akaniuliza kama ndani kuna dhahabu. Nikamwambia hamna. Nilitaka kumweleza kilichomo, lakini wateja walikuwa wamemzonga na maneno yalikuwa yamenikwama. Namweleza leo.

Sondu ni mji wa mpakani hata kama hauna kizuizi wala askari wa forodha. Hapa ni Nyakach, Kaunti ya Kisumu. Ukisogea kidogo unapoelekea nyanda za juu, umeingia Kericho, nchi ya Wakipsigis. Ukivuka daraja la mto Sondu Miriu, uko Rachuonyo, Kaunti ya Homa Bay. Kisii nayo haiko mbali. Barabara kuu itokayo Ahero kupitia Katito hupita hapo ikielekea Oyugis, na kila siku ya soko watu huteremka kutoka pande zote: omena kutoka ziwani, ng'ombe na maziwa kutoka juu, ndizi za Kisii, vyungu vya akina mama wa Nyakach. Dholuo, Kikipsigis na Ekegusii husikika kwa pamoja, na bei zikianza kugombaniwa, Kiswahili huingia kati.

Katikati ya hayo yote kuna mitumba. Lugha yake ni ile ile ya masoko ya Gikomba na Kibuye. Belo likifunguliwa, wanaowahi huchukua kamera, yaani vitu vya daraja la kwanza ambavyo ni kama havijavaliwa. Yanayobaki mwisho kabisa ni fagia. Vichezeo havina kamera. Hakuna mfanyabiashara anayerauka saa kumi alfajiri kwenda kuchagua sanamu ya plastiki iliyong'atwa na mtoto wa Ulaya. Vinafika Sondu vikiwa vimechanganyika, mguu wa huyu na kofia ya yule, na ndiyo sababu mtu mwenye subira anaweza kupata humo kitu ambacho pengine kingefungiwa kabatini na kuwekewa bima.

Sasa kwa nini nilikitambua.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa shule ya msingi, na dawati langu nililikalia pamoja na mvulana Mkipsigis. Shangazi yake alikuwa ameajiriwa Nairobi katika nyumba ya wageni kutoka ng'ambo. Familia ile iliporudi kwao ilimwachia mizigo, na katika mizigo ile mlikuwa na mtu yule wa nywele za manjano. Alifika kwetu bila boksi, bila upanga, na bila jina. Hatukuwa na habari kwamba anaitwa He-Man, kwamba kampuni ya Mattel ilianza kumuuza mwaka 1982, wala kwamba watoto wa Marekani walikuwa wakimtazama kila alasiri katika televisheni. Televisheni tulizozijua zilikuwa chache, zilikula betri ya gari, na wenye nazo walizihifadhia taarifa ya habari. Tulichokuwa nacho ni mwanamume mdogo mwenye misuli mingi kuliko mtu yeyote tuliyewahi kumwona.

Tukamwita Lwanda Magere.

Msomaji wa mbali na ziwa huenda hamjui. Lwanda Magere ni shujaa wa Waluo wa Kano, mwenye mwili mgumu kama jiwe. Mkuki ukimgonga, unapinda. Mshale ukimfikia, unadunda. Maadui zake, ambao simulizi huwaita Lang'o, walichoka kuzika vijana wao. Wakampelekea binti mrembo awe mke wake. Siku moja Lwanda akaugua, akamwambia binti huyo asimchanje mwilini kwa sababu wembe hautaingia, bali achanje kivuli chake na kukipaka dawa. Binti akachanja kivuli, damu ikatoka. Usiku akatoroka kwenda kwao na siri ile. Katika vita vilivyofuata, mkuki ulielekezwa ardhini, ukapiga kivuli, na Lwanda akaanguka akageuka jiwe. Jiwe hilo liko Kano hadi leo, na husemwa kwamba mwindaji akinoa mkuki wake hapo, harudi mikono mitupu.

Huyo basi ndiye aliyekuwa shujaa wetu, na mchezo wetu ulitokana na udhaifu wake. Tulicheza saa kumi alasiri tukitoka shule, kwa kuwa saa sita mchana kivuli ni kifupi mno. Lwanda alisimamishwa kwenye udongo mtupu pembeni mwa njia. Mmoja alikuwa mlinzi wake, wengine walikaa hatua kumi wakiwa na vijiti vilivyochongwa ncha. Ukikigonga kichezeo chenyewe, umepoteza zamu. Ukikichoma kivuli na kijiti kikasimama wima, umeshinda. Mlinzi aliruhusiwa jambo moja tu: kumgeuza au kumsogeza Lwanda baada ya kila mrusho, ili kivuli chake kiangukie juu ya jiwe au mzizi, mahali ambapo kijiti hakitasimama. Tulijifunza mwendo wa jua kwa mchezo ule kuliko kwa somo lolote la jiografia.

Lang'o wa simulizi ni watu wa akina Nandi na Kipsigis. Kwa hiyo mwenzangu, ambaye kichezeo kilikuwa chake, kila siku tulimtoa upande wa ulinzi tukamweka upande wa warushaji. Hakulalamika. Lakini siku moja alikuja na swali alilopewa na babu yake: yule binti aliitwa nani? Tuliulizana, tukawauliza wakubwa. Hakuna aliyekuwa na jina. Katika simulizi zote nilizosikia kwetu, yeye ni binti wa Lang'o tu. Mwenzangu akasema, kwa sauti ya mtu aliyefikiri usiku kucha, kwamba nyumbani kwao shujaa wa hadithi ile ni yeye: msichana aliyekwenda peke yake katika nyumba ya adui asiyeweza kuuawa, akaishi humo, akarudi na siri. Tangu siku ile sikuweza tena kumwona Lwanda kama nilivyomwona zamani. Nilikuwa na umri wa miaka kumi, na mtoto wa dawati moja alikuwa amenionyesha kwamba hadithi ina mlango wa pili.

Mwaka 1992 mapigano ya kikabila yalifika mpakani kwetu. Familia yao iliondoka, sijui usiku gani. Dawati likabaki langu peke yangu. Sijamwona tena.

Kichezeo nilichonunua si kile chake, nalijua hilo. Cha kwake kilikuwa na mikono yote miwili.

Baada ya ununuzi ule nikaanza kurudi kwenye turubai kila nilipokuwa nyumbani, na taratibu nikajikuta nimekuwa mkusanyaji. Nikajifunza kusoma migongo na nyayo, kwa maana huko ndiko kichezeo kinakobeba cheti chake cha kuzaliwa. Mwaka ulioandikwa ni wa muundo kusajiliwa, si wa kiwanda kukitoa. He-Man aliyetengenezwa miaka kadhaa baadaye bado ana 1981 mgongoni. Nchi iliyochapishwa karibu na mwaka huo husema mengi zaidi, kwa kuwa kampuni za vichezeo zilihamisha kazi kila palipopatikana vibarua wa bei nafuu: Hong Kong, Taiwan, Malaysia, kisha China. Kichezeo kimoja kimezunguka dunia mara mbili kabla hakijafika Sondu, na hakuna aliyekigongea mhuri katika pasi.

Plastiki nayo huzeeka. Nyeupe hugeuka njano kwa jua. Ile laini ya vichwani, ambayo ilifanywa laini kwa kutiwa mafuta maalumu kiwandani, hutoa mafuta hayo polepole hadi inanata kama gundi. Watu wengi hudhani ni uchafu wakaipaka spiriti, na spiriti huondoa rangi ya macho. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya kipande na mswaki mkuukuu vinatosha. Miguu ya He-Man imeshikanishwa ndani kwa mpira unaopita nyonga hadi nyonga. Baada ya miaka 40 mpira huo hukauka na kukatika, na mwanamume yule mwenye nguvu zote hulegea kama aliyepooza. Wangu nilimtengenezesha kwa utepe mwembamba niliokata kwenye tyubu ya baiskeli, kwa fundi wa hapo hapo Sondu. Fundi aliifanya kazi ile kwa uangalifu ule ule anaozibia pancha, akajaribu kumsimamisha juu ya sanduku lake la spana, akatabasamu aliposimama.

Huko Marekani na Ulaya ukusanyaji huu ni biashara ya minada. Nakala moja ya Action Comics namba 1, jarida la mwaka 1938 lililomleta Superman duniani na lililouzwa senti 10, ilinunuliwa kwa dola milioni 6 mwaka 2024. Vichezeo vya miaka ya 1970 na 1980 hupata bei kubwa vikiwa bado ndani ya pakiti, kadi haijapinda, mtoto hajavigusa kabisa. Mimi naona huzuni katika bei hiyo. Kinacholipiwa ni kitu kilichokosa utoto. Vya Sondu vyote vimechezewa, mara mbili au tatu, katika lugha tofauti, na kila alama ya meno ni ya mtu.

Hata hivyo kitu ninachokithamini kuliko vyote si cha plastiki. Ni kijitabu chembamba cha katuni, Lwanda Magere, katika mfululizo wa Pichadithi uliochapishwa Nairobi miaka ya 1980. Aliyeuanzisha ni Terry Hirst, mchoraji mzaliwa wa Uingereza aliyeifanya Kenya kwao, yule yule ambaye mwaka 1973 alishirikiana na Hilary Ng'weno kuanzisha jarida la Joe. Jina Pichadithi ni picha na hadithi zilizooanishwa. Wazo lake lilikuwa sahili na kubwa: kama watoto wa Kenya wanapenda katuni za mashujaa, wapewe mashujaa wa kwao, wachorwe kwa ufundi ule ule. Hirst alifariki mwaka 2015. Nilikipata kijitabu changu Kisumu, kwa muuza vitabu vya zamani aliyevipanga chini kando ya njia, kikiwa kati ya kitabu cha mapishi na mitihani ya darasa la nane ya zamani. Jalada lilikuwa limeng'oka upande. Nilisimama pale pale kwenye vumbi nikakisoma chote, nikitafuta jina la yule binti.

Watu wa rika la baba yangu walikuwa na shujaa wao. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, jarida la African Film la kampuni ya Drum lilileta Lance Spearman, mpelelezi mweusi mwenye kofia ya panama, sigara kubwa na gari la kasi, aliyepigwa picha badala ya kuchorwa. Aliyeigiza nafasi yake ni Jore Mkwanazi wa Afrika Kusini. Nimewaona wazee wenye heshima zao, watu wa vikao vya kanisa, wakilegea sura ukiwatajia Spear. Baadaye, kwenye kurasa za magazeti ya Nairobi, alikuja Frank Odoi, Mghana aliyeishi na kufanya kazi Kenya hadi kifo chake mwaka 2012, na katuni yake ya Akokhan, yenye nguvu za ajabu, uchawi na mapambano ya karne nyingi. Mwaka 2010 likaja Shujaaz, la bure, kwa Sheng, likisambazwa pamoja na gazeti na katika maduka ya M-Pesa.

Ukitaka kuvikusanya hivi vya kwetu, utachoka. Plastiki ya Mattel imeshinda miaka 40 ya kutupwa. Karatasi yetu imeliwa. Sehemu ililiwa na mchwa, lakini sehemu kubwa zaidi ilikwenda buchani na kioskini. Ukurasa wa katuni ulifungia robo kilo ya nyama, sukari ya kupima, mandazi. Ninapowauliza wenye maduka ya zamani kama wana magazeti yaliyobaki, hunitazama kwa huruma. Spear aliyewahi kumshinda kila jambazi alimalizika akiwa amelowa mafuta ya mandazi.

Kuna mali ya utotoni ambayo haikuacha hata karatasi. Magari yetu tuliyatengeneza kwa waya, na magurudumu tuliyakata kwenye kandambili zilizochakaa au tukatumia vikopo vya rangi ya viatu ya Kiwi, usukani ukiinuka juu ya waya mrefu hadi kifuani ili uendeshe ukikimbia. Yalikuwa na bodi, taa na kioo, na fundi wa gari la waya aliheshimiwa darasani kuliko wa kwanza kwenye mtihani. Kutu imeyamaliza. Mpira wa ajuala, uliosokotwa kwa mifuko ya plastiki na kufungwa kwa kamba ya katani, ulikuwa mali ya kila boma. Tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku Agosti 2017, hata malighafi yake haionekani. Nina mmoja, nilioomba kwa jirani aliyeukuta darini. Na ng'ombe wa udongo, wenye nundu na pembe ndefu, tuliwafinyanga kwa mamia kando ya mto, tukawakausha juani, na mvua ya kwanza ikawarudisha walikotoka.

Hawa wa udongo ndio walioniuma zaidi, maana tuliishi kati ya wafinyanzi. Mama zetu wa Nyakach walichoma vyungu kila siku, na hakuna mtoto aliyewahi kuthubutu kuomba ng'ombe wake aingizwe motoni. Miaka mitatu iliyopita niliomba. Mama mfinyanzi aliyenisikiliza alikuwa mtu mzima sana, na hakucheka. Alisema udongo niliotumia una mchanga kidogo, utapasuka; akanipa wa kwake, akaketi kando akinielekeza kufinyanga upya, shingo nene zaidi, miguu mifupi zaidi. Tukamweka fahali wangu katikati ya vyungu, nyasi na kuni juu, moto ukawaka. Kesho yake alitoka mzima isipokuwa pembe moja. Akamgonga kwa ukucha akasikiliza mlio. “Huyu, nyathina,” akasema, “mvua haimfanyi kitu.” Amesimama sasa kwenye rafu yangu kando ya He-Man, pembe moja kwa mkono mmoja.

Februari 2018 filamu ya Black Panther ilizinduliwa Kisumu kabla ya miji mingi ya dunia kuiona, kwa sababu Lupita Nyong'o, aliyeigiza Nakia, ni mtoto wa kaunti hii, na baba yake ndiye aliyekuwa gavana. Black Panther mwenyewe, yaani T'Challa, alibuniwa na Stan Lee na Jack Kirby, Wamarekani wawili, mwaka 1966. Watoto wa Kisumu hawakujali. Kwa majuma kadhaa kila mvulana mjini alikunja mikono kifuani kama katika filamu. Baada ya miaka mitatu hivi nilimkuta T'Challa wa plastiki Sondu kwenye turubai, rangi yake nyeusi imechubuka magotini, na wavulana wawili wamechuchumaa mbele yake. Mmoja alimwita kwa Dholuo, mwingine akamjibu kwa Kikipsigis, na jina la shujaa walilitamka sawasawa. Niliwaachia. Nilikuwa nimemtamani, lakini niliwaachia.

Mei 2023 damu ilimwagika tena katika mpaka huu wetu, maduka yakafungwa, akina mama wakakunja turubai. Nilikuwa mbali, nikisikiliza redio, nikiwafikiria wale wawili.

Ninaandika haya gazetini kwa sababu gazeti hufika mahali ambapo simu yangu haifiki. Kama uko Kericho, au Bomet, au Nakuru, au popote familia yenu ilipotua baada ya 1992, na unakumbuka dawati la tatu upande wa dirisha, na babu aliyeuliza jina la yule binti: bado sijalipata. Nimetafuta kwenye Pichadithi, nimeuliza Kano karibu na lile jiwe, nimewauliza wazee wa kwetu. Huenda kwenu wanalijua. Na kama Lwanda bado unaye, njoo naye Sondu siku yoyote ya soko. Mimi nina mwenye mkono mmoja. Tukutane saa kumi, vivuli vikiwa virefu, na safari hii wewe ndiye mlinzi.